Kibano Kisichoguswa

Bamba sikivu, chuma cha aina yake, lilikuwa na tabia moja iliyowafanya watu wa Same walipende kama mtoto wao: ukilibonyeza, linakaza. Ulibonyeze leo, kesho urudi pale pale, utalikuta gumu zaidi, kama kiganja cha mtu wa jembe. Kwa tabia hiyo, kibano cha bamba hilo, chembamba kama sahani ya bati, kiliweza kuning'iniza behewa la watu ishirini kwenye kamba, kutoka Same mjini hadi begani mwa mlima Shengena. Barabara ya zamani ikaachiwa makorongo na nyani. Nani ahangaike na kona zile wakati kamba inamfikisha kabla chai haijapoa kwenye chupa?

Asubuhi hiyo Nakijwa Mbwambo alikuwa na sababu zote za kuhangaika. Mvua ilikuwa imelipasua shamba la juu ya kijiji cha mlimani, ufa ukawa mpana kiasi cha kummeza mbuzi, na tangu alfajiri watu walikuwa wakishushwa kwa mabehewa. Ndege za uokoaji zilishindwa kuingia kwenye ukungu. Mama mkwe wake alikuwa huko juu, na binti yake Nanzia, wa miaka minne, aliyepelekwa kwa bibi kula likizo. Nakijwa mwenyewe alikuwa chini, kwenye chumba cha vipimo, kwa sababu yeye ndiye mpimaji na hakuna kibano kilichoruhusiwa kupanda bila kuumwa na Mbu.

Mbu lilikuwa jina la mashine ya kupimia ugumu. Ilikuwa na ncha ya almasi ndogo kuliko punje ya mtama. Ncha hiyo hushushwa juu ya chuma kwa mzigo unaojulikana, kisha mashine inasoma imezama kiasi gani. Ikizama kidogo, chuma ni kigumu. Ikizama sana, chuma ni laini. Kwa bamba jembamba mzigo hupunguzwa, la sivyo almasi inapenya hadi kwenye fuawe lililo chini, na hapo mtu anakuwa amepima meza badala ya kibano.

Akishauma, Mbu huacha alama, kishimo kama kovu la ndui. Fundi Eliamani Mrutu, mkuu wa karakana, hakuweza kuvumilia abiria aone ndui kwenye kazi yake. Huyu alikuwa mtu wa kupiga pasi hata ovaroli. Aliwafundisha wote kuuma pembeni mwa sikio la kibano, mahali ambapo kichwa cha bolti huja kufunika, na kila mwezi vibano vilipofunguliwa kukaguliwa viliumwa pale pale. Wageni waliotembelea karakana waliusifu usafi huo, na Mrutu akatembea kifua mbele wiki nzima.

Nakijwa alikiweka kibano cha behewa la nne juu ya fuawe, akalenga pembeni mwa sikio, akabonyeza. Tisini na tatu. Mwezi uliopita kilikuwa themanini na nane. Kiwango cha chini kilikuwa hamsini, kwa hiyo Msimamizi, ile mashine ya kuongoza njia ambayo haikuhitaji chai wala mshahara, ikaliwashia behewa la nne taa ya kijani na kulipanga mbele kwenye foleni. Kibano kikisoma juu zaidi, Msimamizi hulitanguliza behewa lake. Ndivyo ilivyofundishwa.

Alikuwa anajiandaa kukirudia mara ya pili, kama utaratibu ulivyotaka, mlima ulipounguruma. Sakafu ilitikisika, fuawe likateleza, na Mbu akashuka mahali ambapo hajawahi kushushwa: kooni mwa kibano, penye ule mkunjo unaoikumbatia kamba.

Almasi ilizama kama kidole kwenye ugali wa moto. Kioo kikaandika kumi na nane.

Nakijwa alikitazama kioo. Akakigeuza kibano, akauma koo upande wa pili. Kumi na saba.

"Fundi!" aliita. "Fundi Mrutu, njoo uone!"

Mrutu aliingia akijifuta mvua usoni kwa leso iliyokunjwa vizuri. Akainama juu ya kioo, akacheka kidogo kwa pua.

"Umepiga fuawe, mwanangu. Tetemeko limekusogeza."

"Ningepiga fuawe ningesoma juu. Fuawe ni gumu kuliko kibano. Hii imesoma chini."

"Basi kibano kimoja kibovu. Kitupe, chukua kingine."

Alichukua kingine, kilichofunguliwa kwenye behewa la pili. Sikioni tisini na moja, kooni ishirini. Alichukua cha behewa la sita, kikasema maneno yale yale.  Alijua anachokitazama, na angefurahi sana kama angekuwa mjinga asubuhi hiyo.

"Chembe za ugumu hazizaliwi, Fundi," alisema. "Zinahama. Tunapouma sikio, bamba linadhani linaumizwa pale, linaita chembe kutoka kwingine zije kulinda. Na sisi kila mwezi tunauma pale pale. Tumelifundisha kuwa adui yake yuko sikioni. Koo limebaki tupu."

"Kamba nayo inasugua koo kila siku. Kwa nini lisikaze?"

"Kamba inasugua polepole. Mbu anadunga. Wewe ungekimbilia wapi, kwa anayekupapasa au kwa anayekudunga?"

 Miaka yote walikuwa wakizifurahia namba zile zinazopanda kila mwezi. Mrutu alikuwa na msemo wake kabisa kwa wageni, kwamba chuma cha Same kinakomaa kadiri kinavyozeeka.

"Nani yuko njiani sasa hivi?" Nakijwa aliuliza, ingawa ubao ulikuwa mbele yake. Behewa la tisa, taa ya kijani, sikio lake limesoma tisini na sita. Lilikuwa limeshaondoka juu, na ndani yake watu kumi na tisa.

Alishika redio. Kwenye kituo cha juu alikuwapo Naetwe, dada wa mumewe, mwanamke asiyejua kusema kwa sauti ndogo hata msibani.

"Wifi, nani yuko kwenye la tisa?"

"Mama yumo, na wazee wengine. Kagoma kupanda mpaka nimemtukana, Mungu anisamehe. Nanzia ninaye mimi, atashuka na mimi la mwisho. Kwani vipi?"

"Usipakie behewa jingine lolote. Hata moja, wifi, unanisikia?"

"Nisipakie? Huku ardhi inalia kama tumbo la mwenye njaa! Wamebaki watu sitini hapa!"

"Nisubiri kidogo," alisema Nakijwa, na akalipunguzia mwendo behewa la tisa mpaka likawa linatambaa. Kulisimamisha angani kungelitikisa, na kulikimbiza kungelitikisa zaidi. Hakukuwa na jambo jingine la kulifanyia ila kulingoja.

*

Walilingoja wakiwa wamesimama jukwaani, bega kwa bega. Kila behewa lilipopita juu ya mnara, vibano vyake hugonga, ko-ko, sauti ambayo watoto wa Same huiiga wakicheza. La tisa lilipita mnara wa mwisho bila kugonga. Lilipita kwa mkwaruzo mrefu uliomkaza Nakijwa meno.

Likaingia kituoni. Mama mkwe wake alishuka wa tatu, kitenge kichwani, akalalamika kwamba safari imekuwa ndefu kama ya basi la zamani.

"Shikamoo mama," Nakijwa alisema, na machozi yakamtoka hapo hapo.

"Marahaba. Unalilia nini, na mimi nimefika?"

 Mrutu alikuwa amepanda ngazi na kukishika kibano cha mbele. Koo lilikuwa limefunguka. Kidole chake cha shahada kilipita kati ya chuma na kamba bila kugusa popote, na akakiacha humo muda, kama mtu aliyesahau kwamba kidole ni chake. Alipokitoa, ovaroli yake ilikuwa imeingia grisi kifuani, wala hakuiangalia.

"Nimewafundisha mimi," alisema.

"Baadaye, Fundi. Sasa tunayo yale sita."

Yale sita yalikuwa mabehewa mapya yaliyofika wiki iliyopita, bado yananuka rangi, yamejipanga bandani na taa zake nyekundu. Vibano vyake vilitoka kiwandani moja kwa moja na havijawahi kuumwa. Milango yake Msimamizi aliifunga, kwa sababu sheria ilisema kibano kisichopimwa hakibebi mtu, na sheria hiyo haikuwekwa kwa upuuzi. Presi, ile mashine ya kukandamiza chuma, hukosea. Mwaka juzi kibano kimoja kilitoka kiwandani na ufa tumboni, kwa macho kikionekana kizuri kuliko wenzake wote, na ni Mbu aliyekifichua.

"Tuyaume mara moja moja," Mrutu alisema upesi. "Taa zinakuwa kijani, sheria imetimia, tunapakia. Mara moja haiwezi kuhamisha kitu."

Nakijwa alikuwa amelifikiria hilo wakati behewa la tisa likitambaa. Kulikuwa na vibano vya akiba vitatu, vilivyotoka presi moja na vya yale sita. Alimvuta Mrutu chumbani, akakiuma cha kwanza kooni. Sitini na mbili, kizuri kama kilivyochorwa. Cha pili alikiuma kwanza sikioni, mara moja tu, akangoja kidogo, kisha akakiuma kooni. Arobaini na nne, chini ya kiwango.

Mrutu alikitwaa cha tatu, akarudia mwenyewe. Arobaini na tatu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na kioo kilikuwa bado kinasema vile vile.

"Kuuma kwa kwanza ndiko kunakoshtua zaidi," Nakijwa alisema. "Nikiyapima, ninayaharibu. Nikiuma koo lenyewe, ninaacha kishimo mahali penye mkunjo, na nyufa huanzia hapo. Nisipoyapima, sijui kama kuna lenye ufa tumboni."

"Kwa hiyo unataka kuwapandisha watu kwenye chuma ambacho hukijui."

"Ndiyo."

"Akianguka mtu mmoja tunafungwa, mimi na wewe. Tukiuma, hata wakianguka, taa ilikuwa kijani. Tunalala nyumbani kwetu."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, kisha akasikia alichokisema, na uso ukambadilika. Nakijwa alimwonea huruma. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyezoea taa. Yeye mwenyewe mkono ulikuwa unamwasha kumshika Mbu, kwa kuwa miaka kumi na moja hakuna kibano kilichompita mikononi bila kukigusa, na kukiacha kipite kulikuwa kama kutoka nyumbani bila nguo.

Ili kuvunja kufuli la Msimamizi vilihitajika vidole gumba viwili juu ya kioo kwa pamoja, cha mpimaji na cha fundi mkuu. Nakijwa aliweka chake.

"Wataona taa nyekundu, watagoma," Mrutu alisema. "Waambie taa zimeharibika kwa mvua."

"Fundi, weka kidole."

Mlima uliunguruma tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Mrutu alikifuta kidole chake kwenye ovaroli, mara mbili, akakiweka.

Milango sita ikafunguka. Taa zilibaki nyekundu. Nakijwa aliingia behewa la kwanza.

"Wewe unakwenda wapi? Mpimaji hapandi!"

"Ninamfuata mwanangu," alisema.

*

Juu ukungu ulikuwa mzito na hewa ilinuka udongo uliogeuzwa. Watu walikuwa wamebanana jukwaani na mabegi, magodoro, jogoo mmoja kwenye kikapu. Mabehewa mekundu yalipotokea moja baada ya jingine, minong'ono ikazuka, na wa mbele wakarudi nyuma.

Nanzia alimwona mama yake kupitia dirishani, akamponyoka shangazi yake. Nakijwa alimdaka, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika.

"Wifi," Naetwe alimvuta pembeni, na kwa mara ya kwanza alijaribu kunong'ona. "Hizi taa ni za nini? Sema tu umeyapima, watu wapande. Ule ufa umefika kwenye choo cha shule!"

Uongo ule ulikuwa tayari mdomoni, mtamu, wa neno moja. Nakijwa aliuhisi. Lakini kwenye ubavu mwingine wa jukwaa lilikuwa limesimama behewa la kijani, la tatu, lililopandishwa asubuhi kabla hajajua kitu. Mlango wake ulikuwa wazi, na tayari mwanamume mmoja alikuwa ameketi ndani yake na mke na watoto watatu. Nakijwa alimfahamu. Alikuwa Kihiyo, mwenye duka la mbolea, mtu anayepima kilo moja mara mbili.

"Shuka humo, baba Elinami," alimwambia. "Hilo ni bovu."

"Hili lina taa ya kijani. Hayo ndiyo mekundu. Mimi familia yangu inapanda kilichopimwa."

"Limepimwa sana, ndiyo maana ni bovu."

Watu walicheka kwa hasira. Nakijwa hakuwalaumu. Jukwaani, behewa huzama kwenye handaki lake na kibano kikabaki usawa wa kifua. Alikwenda hadi kwenye kile cha behewa la tatu, akamwita Kihiyo.

"Una ufunguo wa duka? Kwaruza hapa, sikioni."

Kihiyo alikwaruza kwa nguvu ya mtu anayetaka kumuumbua mwenzake. Ufunguo uliteleza, chuma hakikupata hata mstari.

"Sasa hapa, kooni. Penye kushika kamba."

Ufunguo uliingia. Ulilima mfereji mng'avu, na kipande cha chuma kikajikunja mbele yake kama ganda la karoti. Kihiyo aliutazama ufunguo, akautazama mfereji, kisha akageuka na kupiga kelele: "Mama Elinami! Shusha watoto! Shusha watoto haraka!"

 Nakijwa akawaeleza kwa maneno machache, kwa sauti ya juu ili wa nyuma wasikie: kwamba vipimo vyenyewe ndivyo vilivyouhamisha ugumu wa chuma, kwamba hayo mapya hayajaguswa, kwamba watapanda kumi kumi ili mzigo uwe mwepesi.

Kihiyo alikuwa wa kwanza kwenye kibano cha behewa jekundu, ufunguo mkononi.

"Basi na hili tulikwaruze. Tuone."

Nakijwa alilifunika koo la kibano kwa mkono wake.

"Hapana. Hili halikwaruzwi."

"Kwa nini? Kama ni zima, ufunguo utateleza."

"Ukilikwaruza, ugumu utaanza kuhama. Ukitaka kujua kama ni zima, utalifanya lisiwe zima."

"Kwa hiyo tutajuaje?"

Wote walikuwa wakimtazama. Chini ya ukungu, mahali karibu, kitu kizito kilivunjika na kubingirika, na jogoo akaanza kupiga kelele kikapuni. Naetwe alisimama mbele yake, mikono kiunoni, akauliza kwa sauti yake ya kweli, ile ya kusikika mabonde mawili:

"Wifi, niambie mbele ya watu. Umeyapima haya mabehewa?"

"Sijayapima," alisema Nakijwa. "Sijui. Ninachojua ni kwamba lile la kijani litaanguka, na hapa tuliposimama patabomoka. Haya sijui."

Akamwinua Nanzia, akampitisha mlango wenye taa nyekundu, akamketisha kwenye kiti cha mbele, chini kabisa ya kibano. Akaingia, akaketi kando yake. 

Kwa muda hakuna aliyesogea. Kisha Kihiyo akautia ufunguo mfukoni, akauminya humo kana kwamba ungeweza kutoka wenyewe, akambeba mwanawe mdogo na kuingia. Mkewe akafuata na wale wawili. Nyuma yao Naetwe alikuwa ameshaanza kuwapanga watu kumi kumi kwenye mengine matano, akiwafokea walete watoto waache magodoro.

Behewa likaondoka. Jukwaa likamezwa na ukungu, hapakuwa na juu wala chini, kamba tu mbele yao ikitokea weupeni na kupotea weupeni.  Nakijwa alikuwa na ncha ya kidole chake juu ya magoti, na alitambua kwamba kilikuwa kinabonyeza, kinabonyeza, mahali pale pale pa gauni. Akakikunja ndani ya ngumi.

"Mama," Nanzia alisema, "mnara unakuja."

Kivuli kirefu kilikuwa kimetokea mbele. Mke wa Kihiyo alifumba macho. Nakijwa alimvuta mtoto kifuani, akainua uso kwenye dari, akasikiliza kama ambavyo hajawahi kusikiliza kitu chochote maishani mwake.

Ko-ko, vibano viligonga.

"Ko-ko," Nanzia aliviigiza, akacheka. Mama yake alikuwa analia kwa sauti bila kuona haya, huku akihesabu minara iliyobaki.